Dola 12.77: bomba la Hoima–Tanga linamlipa nani?

Kila linapozungumzwa bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, hesabu moja hurushwa mitandaoni kwa kujiamini sana: kila pipa likipita, Tanzania inaingiza dola 12.77. Wengine huzidisha kwa mapipa ya siku, kisha ya mwaka, na tayari wameshagawa madarasa na zahanati. Namba wanayo sahihi. Wamemkosea mlipwaji.

Kazi yangu ni uchumi wa nishati, na sehemu kubwa yake ni kusoma mikataba ya kusafirisha mafuta na gesi. Si kazi ya kusisimua, ila imenifundisha kusikiliza mjadala wa bomba kwa sikio tofauti. Wanaolitetea bomba husema litaleta maendeleo, na wanaolipinga husema litaleta maangamizi. Mimi huuliza kwanza fedha inaingia kwenye akaunti ya nani, na nani anachota kabla ya nani.

Dola 12.77 ni tozo ya usafirishaji. Anayeilipa ni mwenye mafuta, yaani kampuni zinazochimba kule Ziwa Albert pamoja na serikali ya Uganda kwa sehemu yake ya mafuta. Anayelipwa ni kampuni ya bomba, EACOP, yenye wanahisa wanne: TotalEnergies ya Ufaransa asilimia 62, shirika la mafuta la Uganda (UNOC) asilimia 15, shirika letu la mafuta (TPDC) asilimia 15, na kampuni ya mafuta ya China, CNOOC, asilimia 8. Tuseme yanapita mapipa 200,000 kwa siku. Hiyo ni kama dola milioni 2.55 kila siku, au milioni 932 kwa mwaka. Fedha hiyo kwanza inaendesha bomba, kisha inalipa mikopo na riba, kisha kodi kwa kadiri mikataba inavyoruhusu kutozwa. Kinachosalia ndicho kinagawanywa kuwa gawio, na TPDC inachukua asilimia 15 ya hicho kilichosalia. Halafu tusisahau kwamba hizo hisa hatukupewa zawadi. TPDC ilitakiwa kuchangia mtaji kama mwanahisa mwingine yeyote.

Kwa hiyo, Tanzania inapata? Inapata, lakini kwa milango mingi midogo: kodi, gawio, ajira za ujenzi, zabuni kwa kampuni za ndani, shughuli za bandari, umeme unaouzwa kwa bomba lenyewe. Kila mlango una ufunguo wake ndani ya mkataba, na mjadala wa hadhara haujawahi kukaa vizuri kwenye funguo hizo.

Huo umeme ninautaja kwa sababu. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi na yakipoa huganda, kwa hiyo bomba lote lazima libaki na joto la zaidi ya nyuzi 50 za Selsiasi. Ni kilomita 1,443 za chuma cha kipenyo cha inchi 24, kilichovikwa vizuizi vya joto na kuambatanishwa na nyaya za kukipasha. Kilomita 296 ziko Uganda na 1,147 ziko Tanzania, zikipita Kagera, Geita, Shinyanga, Tabora, Singida, Dodoma, Manyara hadi rasi ya Chongoleani, Tanga. Mabomba yenyewe yalivikwa koti hilo la joto katika kiwanda cha Sojo, wilayani Nzega. Ukishaujenga mtambo wa namna hiyo, gharama zake nyingi hazijali mafuta mangapi yanapita. Mkopo unadai kama kawaida, joto linadai kama kawaida, walinzi na mafundi wanadai mishahara. Mapipa yakipungua nusu, gharama hazipungui nusu.

Hapa ndipo penye kiini cha siasa zote za mabomba, hapa kwetu na kwingineko: bomba linaishi kwa wingi wa mapipa. Ukilielewa hilo, hata vituko vya mwaka 2015 na 2016 vinasomeka.

Agosti 2015 Rais Museveni na Rais Uhuru Kenyatta walikubaliana kwamba mafuta ya Uganda yatapita Kenya, yachukue ya Turkana, kaskazini mwa Kenya, pale Lokichar, yaende bandari ya Lamu. Kwa hesabu ya mapipa lilikuwa wazo zuri, maana mashamba mawili ya mafuta yangegawana gharama za bomba moja. Miezi miwili tu baadaye Uganda ikasaini hati ya maelewano na Tanzania. Aprili 2016, kwenye mkutano wa viongozi uliofanyika Kampala, ikatangazwa rasmi: njia ni Tanga.

Nchini Kenya jambo hili lilipokelewa kama usaliti, kwetu kama ushindi wa diplomasia. Yote mawili yana chembe ya ukweli, ila yanawaficha wahusika wa tatu, nao ni kampuni. Tullow ya Uingereza ilikuwa na vitalu vya mafuta Uganda na Turkana pia, hivyo bomba la kupitia Kenya lingebeba mafuta yake ya pande zote mbili. Total (ndiyo TotalEnergies ya leo) ilikuwa na mafuta Uganda tu kati ya nchi hizo mbili. Kuunganisha na Turkana kwake hakukuwa na uzito huo, na ilieleza wazi wasiwasi wa usalama wa njia ya kaskazini mwa Kenya. Kupatikana kwa ardhi kulikuwa swali, bandari ya Lamu ilikuwa bado inajengwa, na Tanga ilikuwa bandari inayofanya kazi. Mwaka 2020 Tullow iliuza hisa zake zote za Uganda kwa Total kwa dola milioni 575. Ukitaka kujua njia ya bomba itapita wapi, angalia nani ana visima wapi kabla hujasoma hotuba za marais.

Turkana ikabaki peke yake na bomba la kama kilomita 820 la kujilipia. Tangu kisima cha Ngamia-1 kilipogundua mafuta mwaka 2012, bomba hilo halijajengwa. Mafuta ya majaribio yalipelekwa Mombasa kwa malori.

Na Tanzania ilishindaje? Kwa kuwa rahisi zaidi, na urahisi huo una bei. Nchi mbili zinaposhindania bomba moja, kila moja inalegeza: misamaha ya kodi, ardhi kwa masharti nafuu, ahadi kwamba sheria hazitabadilishwa kwa namna itakayomuumiza mwekezaji. Uganda yenyewe ilipitisha sheria maalumu ya EACOP mwaka 2021 inayosamehe kodi ya mapato ya kampuni kwa miaka 10. Sisi tulisaini Mkataba wa Nchi Hodhi, yaani makubaliano ya serikali na kampuni ya bomba, mwezi Mei mwaka huohuo. Ushindi wa Chongoleani ulisherehekewa Agosti 2017, Magufuli na Museveni wakiweka jiwe la msingi, lakini thamani yake halisi iliandikwa kwenye viambatisho vilivyokuja miaka minne baadaye bila ngoma wala vigelegele.

Anayedhani viambatisho ni mambo madogo atazame Cameroon. Bomba la kutoka Doba, Chad, hadi Kribi lilianza kusafirisha mafuta mwaka 2003, urefu wake kama kilomita 1,070. Ada ya kupitisha ambayo Cameroon ilikubali ilikuwa senti 41 za dola kwa pipa, namba isiyobadilika. Bei ya mafuta duniani ikapanda hadi kuvuka dola 100, Cameroon ikaendelea kupokea senti zake 41. Ilichukua kama miaka kumi kuifikisha ada hiyo dola 1.30. Chad nayo iliahidi Benki ya Dunia kwamba sehemu ya mapato ingehifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo, ikabadilisha sheria yake mara fedha ilipoanza kuingia, na mwaka 2008 ikamaliza deni la Benki mapema na kuachana na masharti yote.

Upande wa pili wa shilingi ni Sudan. Baada ya Sudan Kusini kujitenga mwaka 2011, mafuta mengi yalibaki kusini na bomba likabaki kaskazini. Khartoum ilidai ada kubwa mno, ikajichukulia mafuta kama fidia, na Januari 2012 Juba ikafunga visima vyake. Nchi iliyokuwa ikitegemea mafuta kwa karibu mapato yote ya serikali ikakaa zaidi ya mwaka bila kuuza. Nchi ya kupitia ilikuwa na nguvu sana, na zote mbili zikaumia. Kati ya senti 41 na mabavu ya Khartoum kuna nafasi pana ya majadiliano ya watu wazima, na nafasi hiyo hujadiliwa kabla ya kusaini. Ukishafukia chuma, umefukia na hoja zako.

Sasa twende chini, kwenye halmashauri. Mei 2013 Mtwara iliwaka moto. Wananchi walikuwa wakisema "gesi haitoki", wakipinga gesi yao kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba, na vurugu zililipuka siku bajeti ya Wizara ya Nishati ilipokuwa ikisomwa bungeni. Watu walikufa, majengo yakachomwa, jeshi likapelekwa. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilijengwa vilevile kwa mkopo wa China na kuzinduliwa Oktoba 2015. Wengi Dodoma na Dar waliwaona watu wa Mtwara kama wasioelewa umoja wa kitaifa. Mimi nadhani walielewa uchumi wa mabomba kuliko waliokuwa wakiwakemea. Waliona kwamba viwanda na ajira hujengwa pale bomba linapoishia. Walichokosea, kwa maoni yangu, ni kudai gesi yenyewe ibaki badala ya kudai mgawo unaoandikwa kwenye sheria.

Turkana walikwenda njia hiyo ya pili, ingawa nao walianza kwa kuzuia malori ya mafuta mwaka 2018. Sheria ya Petroli ya Kenya ya mwaka 2019 inaipa kaunti asilimia 20 ya mapato ya serikali na jamii ya mahali asilimia 5. Uganda nayo imetenga asilimia 6 ya mrabaha, yaani malipo ya serikali kwa kila pipa linalochimbwa, kwa wilaya zenye uzalishaji. Lakini angalia maneno hayo: *zenye uzalishaji*. Mrabaha unatoka kisimani. Wilaya ambayo bomba linakatiza tu haina kisima, kwa hiyo haina mrabaha. Igunga, Kondoa au Handeni hazimo kwenye hesabu hiyo. Mgeni njoo mwenyeji apone, ila huyu mgeni anapita chini ya ardhi na hasimami. Bomba si reli; hakuna kituo cha kupakia alizeti.

Chombo kilichopo kwa halmashauri zetu ni ushuru wa huduma, asilimia ndogo tu ya mapato ghafi ya kampuni inayofanya biashara katika eneo. Hapo panahitaji mwanasheria mzuri kuliko mwanasiasa mzuri. Mapato ya bomba linalopita mikoa minane yanahesabiwa yamepatikana wapi? Kwa urefu wa kilomita katika kila wilaya? Kwenye kituo cha kusukumia mafuta? Tanga, yanapopakiwa? Halmashauri ambayo haijauliza mapema itasubiri fadhila.

Wenye mashamba ndani ya mkuza, ule ukanda wa ardhi linamopita bomba, wanastahili makala yao peke yao, nami nitagusa jambo moja. Zaidi ya watu 9,000 upande wa Tanzania waliguswa na utwaaji wa ardhi. Wengi hawakuhama, walipoteza kipande tu. Malalamiko makubwa yaliyoandikwa na mashirika ya haki yamekuwa juu ya muda: shamba likishathaminiwa unaambiwa usipande mazao ya kudumu, kisha malipo yanakawia miaka. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka fidia kamili, ya haki na ya haraka. Migomba isiyopandwa kwa misimu mitatu haimo kwenye fomu ya mthamini. TotalEnergies yenyewe ilimpa Lionel Zinsou, waziri mkuu wa zamani wa Benin, kazi ya kutathmini utwaaji huo mwaka 2024, wakati ardhi nyingi ilikuwa imeshatwaliwa.

Mjadala wa hali ya hewa ulimpita mkulima huyu juu kwa juu. Septemba 2022 Bunge la Ulaya lilipitisha azimio la kuukosoa mradi; Kampala ikajibu kwa maneno ya ukoloni mamboleo, na kuanzia hapo kila aliyehoji fidia aliitwa wakala wa wazungu. Yalikuwa mabishano mabovu kwa pande zote. Benki nyingi za Magharibi zilijiweka kando, na fungu la kwanza la mikopo lililotangazwa Machi 2025 lilitoka hasa kwa benki za Afrika kama Afreximbank, Standard Bank na KCB Uganda. Kwa hiyo hatari ya mradi huu sasa iko kwenye vitabu vyetu wenyewe, jambo ambalo lingetosha kuibua mjadala mzito kuliko ule wa kutukanana.

Hatari yenyewe ni ileile ya mapipa. Visima vya Tilenga na Kingfisher, kule Ziwa Albert, vinatarajiwa kufikia kilele cha mapipa 230,000 kwa siku, vikae hapo miaka michache, kisha vishuke. Uganda pia inataka kiwanda chake cha kusafisha mapipa 60,000 kwa siku, ambayo hayatapita bombani. Bei ya mafuta ikiwa dola 60, tozo ni zaidi ya sehemu moja ya tano ya thamani ya pipa. Ikiwa 40, ni karibu theluthi. Bomba likianza kuwa na nafasi, mteja mpya atatafutwa, na majina ya Sudan Kusini na Kongo yataanza kutajwa tena. Nani atapanga tozo ya huyo mteja mpya, na je, mwenye asilimia 15 atakuwa na sauti ya kukataa? Hicho ndicho kifungu ningependa wabunge wa Dodoma na Kampala wakisome sasa, kabla ya kilele kupita.