Kabla ya kuchora ramani: jua kiwanja chako kinaruhusu nyumba ya ukubwa gani

Anayetaka kununua kiwanja katika eneo lililotengwa kwa nyumba za familia moja huanza kwa kuuliza ukubwa wake. Swali lenye uzito zaidi ni hili: kati ya ukubwa huo, kiasi gani kinaweza kujengwa, na kwa matumizi gani? Majibu yamo katika nyaraka mbili za idara ya mipango miji: ramani ya matumizi ya ardhi, inayoonyesha kiwanja kimo katika kanda ipi, na jedwali la masharti ya kanda hiyo. Zisome zote mbili kabla ya kumlipa mchoraji.

Ukubwa wa nyumba hubanwa na masharti manne: nafasi ya wazi kati ya jengo na mipaka, asilimia ya kiwanja inayoruhusiwa kufunikwa na jengo, uwiano wa jumla ya sakafu zote na ukubwa wa kiwanja, na kimo cha jengo. Yanatumika kwa pamoja, na linalobana zaidi ndilo linaloamua.

Chukua kiwanja cha mita 20 kwa 30, yaani mita za mraba 600. Tuseme masharti ni mita 6 za wazi mbele, 5 nyuma na 2 kila ubavu. Jengo lisifunike zaidi ya asilimia 35. Jumla ya sakafu isizidi nusu ya kiwanja. (Tarakimu hizi ni za mfano tu, kila mji una zake.) Ukiondoa nafasi za wazi unabaki na mita 16 kwa 19, sawa na mita za mraba 304. Lakini asilimia 35 ya 600 ni 210, kwa hiyo sakafu ya chini inaishia hapo. Jumla ya sakafu zote ni 300, hivyo ghorofa ya kwanza haiwezi kuzidi 90 ukishamaliza 210 chini.

Sasa chukua kiwanja kingine chenye mita za mraba 600 zile zile, ila ni cha mita 15 kwa 40 na kiko kwenye kona. Miji mingi huhesabu upande wa barabara ya pili kama mbele nyingine, kwa hiyo ubavu mmoja unadai mita 6 badala ya 2. Upana unaobaki ni mita 7, na eneo la kujengea ni 7 kwa 29, yaani 203. Hapa asilimia ya kufunika haina kazi tena, nafasi za wazi zimeshaamua. Ukitoa kuta mbili za nje zenye unene wa sentimita 23, ndani unabaki na mita 6.54, na humo humo unatakiwa kupitisha korido. Viwanja viwili vya ukubwa mmoja, nyumba mbili tofauti kabisa.

Kosa linalojitokeza zaidi ni mahali pa kuanzia kupima. Nafasi ya wazi hupimwa kutoka mpaka wa kiwanja, yaani mstari unaounganisha bikoni, zile alama za mpima ardhi kwenye kona za kiwanja. Haipimwi kutoka ukingo wa lami wala kutoka kwenye uzio. Hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kwa ajili ya barabara, kwa kawaida ni pana kuliko lami, na uzio wa zamani huenda ulisogezwa nje. Uzio ukiwa mita 1.2 ndani ya hifadhi ya barabara, nyumba iliyopimwa mita 6 kutoka hapo iko mita 4.8 tu kutoka mpaka. Mpe mpima ardhi kazi ya kufufua bikoni kabla msingi haujachimbwa. Uliza pia kama umbali unaishia kwenye ukuta au kwenye upenu, na kama kimo kinahesabiwa kutoka ardhi ya asili au iliyojazwa kifusi. Kwenye mteremko tofauti hiyo yaweza kukunyima ghorofa nzima.

Kwenye matumizi, kinachowashtua wengi ni jiko. Kanuni nyingi hutambua makao kamili kwa kuangalia kama kuna sehemu ya kupikia, kulala na kuogea zinazojitegemea. Chumba cha mgeni chenye bafu hupita. Ukiongeza jiko na mlango wake wa nje, mkaguzi anaona nyumba ya pili kwenye kiwanja kinachoruhusu moja. Biashara zinazoendeshwa nyumbani kwa kawaida huruhusiwa kwa mipaka ya eneo, wafanyakazi, mabango na magari ya wateja.

Hoja za moto, mwanga na mifereji zinatosha kutetea nafasi za wazi. Sharti la familia moja pekee, likiambatana na kiwanja kikubwa cha lazima, ni vigumu zaidi kulitetea, kwa kuwa huamua nani anaweza kumudu kuishi mtaani. Berkeley, California, hutajwa kuwa mji wa kwanza Marekani kuliweka, mwaka 1916. Minneapolis iliamua mwaka 2018 kuruhusu hadi makao matatu kwenye viwanja vilivyokuwa vya familia moja. Japani, hata kanda yake kali kabisa ya nyumba fupi huruhusu duka dogo ndani ya nyumba ya kuishi, lisilozidi mita za mraba 50, na mitaa hiyo imebaki tulivu.

Kiwanja kisipoweza kutimiza masharti, unaweza kuomba msamaha wa sharti moja. Bodi inayosikiliza maombi hayo hutaka kuona ugumu unaotokana na ardhi yenyewe: umbo la pembetatu, mwamba, mteremko mkali. Ufinyu wa bajeti haukubaliki, wala ukuta uliokwisha kujengwa mahali pasipostahili. Kubadili kanda ni jambo jingine kabisa, refu zaidi, linalopita kwenye baraza la mji na kusikiliza majirani.

Ukinunua nyumba ya zamani isiyolingana na masharti ya sasa, ulinzi wake unategemea uthibitisho kwamba ilikuwa halali ilipojengwa. Ulinzi huo mara nyingi hupotea matumizi yakisitishwa kwa muda uliowekwa, au jengo likiharibika kupita kiwango fulani. Kwa hiyo dai kibali cha awali na michoro iliyogongwa muhuri kabla ya kusaini mkataba. Soma pia masharti yaliyo kwenye hati miliki: yakiwa makali kuliko ya mji, hayo ndiyo yatakayokubana, hata kama umeshapewa kibali cha ujenzi.