Ufufuaji wa katuni za zamani na mfano wa Beavis and Butt-Head

Kufufua katuni ni kuirudisha kwa watazamaji baada ya miaka ya kimya ikiwa na visa vipya, huku wahusika, sauti zao na mtindo wa uchoraji vikibaki karibu vilevile. Kwa hiyo ufufuaji si marudio, ambayo huonyesha tena kazi iliyokwisha kutengenezwa, wala si utengenezaji upya, ambao husimulia kisa kilekile kwa sura na sauti nyingine. Kazi hii huwa ngumu zaidi pale ucheshi wa katuni unapojengwa juu ya matusi, ujinga na utovu wa adabu, kwa kuwa mipaka ya mambo yanayoruhusiwa kuchekwa hadharani huwa imehama katika kipindi hicho cha kimya.

Mfano ulio wazi ni Beavis and Butt-Head, katuni ya Mmarekani Mike Judge iliyoanza kuonyeshwa na kituo cha MTV mwaka 1993. Wahusika wake wakuu ni vijana wawili wa mji wa kubuni uitwao Highland, katika jimbo la Texas, ambao hushinda kwenye kochi wakitazama video za muziki, wakizikejeli, na kuchekelea kila neno linaloweza kupewa maana chafu. Mwaka huohuo mtoto wa miaka mitano huko Ohio aliwasha moto uliomuua mdogo wake, na mama yao akakilaumu kipindi hicho. MTV ilikisogeza hadi saa za usiku zaidi na kuondoa maneno ya Beavis ya kushabikia moto. Kipindi kilikoma mwaka 1997.

Kimefufuliwa zaidi ya mara moja. Mwaka 2011 MTV ilikirudisha kwa msimu mmoja tu, na kwa kuwa kituo hicho kilikuwa kimeegemea vipindi vya maisha halisi, vijana wale waliwekwa kuvikejeli hivyo pamoja na video za muziki. Mwaka 2022 Paramount+, huduma ya kulipia ya kutazama filamu na vipindi mtandaoni, ilitoa filamu, kisha mfululizo mpya, na safari hii shabaha ya kejeli zao ikapanuliwa hadi video za YouTube na TikTok. Mabadiliko haya yanaonekana madogo, lakini ndiyo uti wa mgongo wa ufufuaji wenyewe: wahusika wanaachwa walivyo, kinachosasishwa ni kile wanachokitazama. (Ilisaidia pia kwamba tangu mwanzo Judge mwenyewe ndiye mwenye sauti za wote wawili.)

Filamu ya 2022 iliifanya kanuni hiyo kuwa kisa chenyewe. Vijana hao wanaondoka mwaka 1998, wanapita katika shimo jeusi angani na kutokea mwaka 2022 bila kuzeeka wala kuerevuka. Wakiwa chuo kikuu wanaelezwa kwamba wao, kama wanaume weupe, wana upendeleo katika jamii. Wanachoelewa ni kwamba wameruhusiwa kufanya lolote, nao wanaanza kulifanya. Kwa maoni yangu, hapo ndipo inapoonekana tofauti kati ya kufufua kwa akili na kuchokonoa tu. Mwandishi mvivu angewafanya wawili hao wasemaji wake, watu wa zamani waliokuja kuwakaripia wa leo kwa kuwa wepesi wa kuudhika, ilhali Judge anawaacha wabaki wajinga wasioelewa hoja ya upande wowote. Mtazamaji hacheki pamoja nao bali anawacheka, na kwa sababu hiyo uchafu wa maneno yao unavumilika hata kwa mtu ambaye asingeuvumilia kutoka kinywani mwa mhusika anayesifiwa.

Sababu za kibiashara hazihitaji maelezo marefu: jina linalojulikana hupunguza gharama ya kujitangaza, na waliokuwa vijana miaka ya 1990 sasa ndio wanaolipia huduma hizi. Lakini mfululizo wa 2022 haukuwabembeleza watazamaji hao kwa kumbukumbu tamu peke yake. Katika baadhi ya visa, Beavis na Butt-Head wanaonyeshwa wakiwa watu wa makamo, wamechakaa mwili, bado wanaishi pamoja na bado hawajajifunza chochote. Ucheshi wa visa hivyo ni mchungu zaidi kuliko ule wa ujana wao, kwani upumbavu uleule sasa una gharama za afya na umaskini, na hautetewi tena na udogo wa umri.