Pwani hatukulala, na lile kofi niacheni nalo

Jumanne iliyopita nilikuwa na basi zima la wanafunzi wa sekondari kutoka bara, tumesimama chini ya sanamu ya Mekatilili, yule mama wa Kigiriama aliyempinga Mwingereza, hapa Malindi, jua la saa sita linatuchoma utosi, nishapasha koo nianze, mara mwalimu wao, mtu mzima na kitambi chake, akaniambia mbele ya watoto: "Kaka, fanya fupi. Huyu si ndio yule wenu mmoja? Sisi tulipigana msituni, nyinyi mlikuwa mnakula halua." Msituni, yaani Mau Mau. Watoto wakacheka. Mimi pia nikacheka manake ndio kazi, mteja akikutania unacheka kwanza unalipwa baadaye.

Lakini nimetembeza watu mji huu miaka kumi na minane (wenyewe wanatuita matua gaidi, yaani waongoza watalii, mamangu mpaka leo hilo neno halipendi) na hiyo halua nishalishwa mara nyingi mno. Kila Oktoba ikikaribia Mashujaa Day inarudi, kwa gari, kwa simu, kwa magrupu ya WhatsApp. Pwani mlilala. Pwani mliletewa uhuru kwa sahani. Sasa leo naandika, na mwalimu kama unasoma, ujue sijakasirika. Nimekasirika kidogo.

Nianze na ile rahisi. Kila sikukuu ya taifa, kabla rais hajasema lolote, bendi inapiga wimbo wa taifa na nyote mnasimama wima mkono ubavuni. Yale mahadhi ni ya Wapokomo wa Tana River. Ni bembelezi, wimbo wa mama kumlaza mtoto, na anayetajwa kuutoa ni Mzee Meza Morowa Galana. Mwaka 1963 ikaundwa kamati ya watu watano kutafuta wimbo, wakauchukua huo wakautilia maneno, na mmoja wa hao watano alikuwa Thomas Kalume, mchungaji, mtu wa huku huku, baadaye akawa mbunge. Kwa hivyo mwalimu, hata hiyo siku unayosema ni yenu inafunguliwa na bembelezi ya mtoto wa Kipokomo. Wale watoto niliwaambia wauimbe polepole, nusu ya mwendo, bila kupiga saluti, kama unambembeleza ndugu yako mdogo mgongoni. Walianza kwa mzaha. Beti ya pili kuna msichana akaanza kuyumba yumba mwenyewe bila kujijua, na mwalimu akatazama saa.

La pili nalipita mbio. Tarehe 12 Disemba 1963 Nairobi iliteremshwa bendera moja ya Mwingereza, lakini huku maili kumi kutoka baharini ilikuwa ni ardhi ya Sultani wa Zanzibar, Mwingereza aliikodi tu toka 1895, na bendera nyekundu ya Sultani ilikuwa inapepea. Ilibidi Oktoba 1963 Kenyatta na waziri mkuu wa Zanzibar Mohammed Shamte waandikiane barua ndio ukanda huu uingie Kenya. Kwa hivyo uhuru wa huku ulikuwa na mlango wa mbele na mlango wa uani, na huo wa uani hakuna anayeuzungumzia siku ya Jamhuri, kama vile haukuwepo. Haya.

Sasa tuje kwa Mekatilili, na hapa mtanisamehe nitakaa sana, manake hata wanaomsifu wananichosha sawasawa na wasiomjua.

Jina lake ni Mnyazi wa Menza, Mekatilili ni mama wa Katilili. Mwaka 1913 serikali ilikuwa inataka vijana wa Kigiriama wakafanye kibarua mashambani na inataka kodi ya nyumba, na Wagiriama wakati huo walikuwa wanajilimia mahindi yao ng'ambo ya mto Sabaki na kuuzia wafanyabiashara wa pwani, hawana shida ya kibarua cha mtu. Mama huyu hakuwa chifu wala mzee wa kaya, hana cheo chochote. Alichofanya ni kuzunguka na kifudu, ambayo ni ngoma ya matanga, watu wanakusanyika kama mnavyojua matanga yanavyokusanya watu, halafu ndio anazungumza. Akishirikiana na Wanje wa Mwadorikola wakawakusanya watu Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama msituni, wakala viapo, wanawake mukushekushe, wanaume fisi, kwamba hakuna atakayemsaidia mzungu. Oktoba 1913 wakakamatwa wote wawili wakapelekwa mbali magharibi ya nchi. Januari 1914 wakatoroka wakarudi.

Hapo umeona jina la pili? Wanje. Mwanamume. Yeye sanamu hana, wala hakuna mtoto aliyewahi kuniuliza habari zake, na yule mwalimu aliposema "yule wenu mmoja" ndipo moyo uliponichoma, kwa sababu hatujafika hata kwa Mgiriama wa tatu na hatujatoka nje ya Wagiriama.

Haya, kofi. Kila mtu anataka kofi. Ati Mekatilili alimzaba kofi Arthur Champion, yule ofisa wa serikali, barazani mbele ya watu. Zamani nilikuwa nalisimulia, wallahi nilikuwa naliigiza kabisa na mkono, watalii wanapiga makofi na bakshishi inaongezeka. Nimeacha. Kuna wanaosema kofi lilipigwa, kuna wanaosema ni ile ya kuku tu: kwamba alikuja na kuku na vifaranga akamwambia Champion hebu chukua kifaranga kimoja, kuku akamdonoa mkono, akaambiwa ndivyo utakavyofanywa ukichukua wanangu. Mimi naipenda ya kuku zaidi. Sina hakika kama ni kweli ama ni uzuri wake tu unaonifanya niiamini, na hilo nawaambia wageni waziwazi siku hizi. Vilevile ile safari ya kurudi kwa miguu kupitia misitu yenye simba, kila msimulizi anaongeza simba mmoja, na pale walipopelekwa wengine wanasema Kisii wengine Mumias.

Kuna jengine kubwa zaidi ambalo vitabu vya shule vinaliruka. Vinaandika "aliongoza vita vya Wagiriama 1914". Ukifuata kumbukumbu za serikali yenyewe, mama alikamatwa tena mwezi wa nane 1914, na mapigano yenyewe makubwa yalipamba moto mwezi huohuo akiwa tayari mikononi mwao. Watu walipigana bila yeye. Kwangu mimi hilo linamkuza badala ya kumpunguza, yaani kile kiapo kilisimama chenyewe baada ya yeye kuondolewa, lakini jaribu kumwambia hivo mtu anayetaka shujaa mwenye upanga, atakuona umemtukana bibi yake. Na bibi ni wangu mimi, babangu ni Mgiriama.

Tarehe pia. Serikali ililipua Kaya Fungo kwa baruti tarehe 4 Agosti 1914, siku ileile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani. Baada ya hapo nyumba zikachomwa, watu wakauliwa, wakatozwa faini ya rupia 100,000, mbuzi wakaswagwa mpaka zizi likabaki mavi. Ukimuuliza mzee wa Kigiriama siku gani inamuuma hatakwambia 20 Oktoba. Hiyo 20 Oktoba ni ya 1952, siku Kenyatta na wenzake walipokamatwa na hali ya hatari kutangazwa. Ilikuwa Kenyatta Day miaka yote, katiba ya 2010 ikaifanya Mashujaa Day iwe ya wote, na mimi naunga mkono, ila mnajua ukibadilisha kibao cha duka bila kubadilisha bidhaa watu wataendelea kuomba ile ya zamani. Ndiyo maana Wagiriama sherehe ya Mekatilili wanaifanya kivyao mwezi wa nane.

Na mama mwenyewe hakupigania Kenya. Kenya kama koloni haikuwa na jina hilo mpaka 1920. Alipigania vijana wa Kigiriama na mahindi yao. Kumuita "mpigania uhuru wa Kenya" ni kumvisha nguo ya mjukuu wake. Hata mimi namuita hivo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa kwenye ratiba ya ziara, lakini kila nikilisema nasikia linakwaruza.

Ukitoka Ugiriama ndio unaingia kwenye matata ambayo mwalimu yule hakunipa muda. Fumo Bakari wa Witu, huko upande wa Lamu: 1890 Waingereza walipeleka jeshi wakauchoma mji wake. Witu ilikuwa inapokea watumwa waliotoroka mashamba ya Lamu na kwengineko, wakapewa bunduki wakawa watu. Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui alipigana na Mwingereza 1895 na 1896 mpaka akavuka mpaka kwa Wajerumani. Je, hawa ni mashujaa? Mbaruk alikuwa na watumwa. Na Malindi hii hii munayokuja kuogelea iliinuliwa karne ya kumi na tisa na watumwa waliolima mtama na ufuta hapa na Mambrui, utumwa haukufutwa kisheria huku mpaka 1907, na wajukuu wao tuko nao mtaani, tunaswali nao, tunaoleana kwa shida shida, na hakuna sikukuu hata moja inayowataja. Nikiwekwa kwenye kamati ya kuchagua mashujaa sijui kama ningempitisha Mbaruk. Ningewapitisha waliolima.

Halafu kuna Manda. Mwalimu alisema msituni, sawa, na hao wa msituni na wanasiasa wao walipokamatwa unadhani waliwekwa wapi? Baadhi waliletwa Kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Mwandishi Gakaara wa Wanjau alizuiliwa kambi ya Takwa. Takwa ni yale magofu mnayopelekwa kwa jahazi maji yakijaa mle mikokoni, mnapiga picha msikiti wa kale, mnakula samaki, mnarudi. Mimi mwenyewe nimepeleka watu pale miaka mingi nikiwaeleza habari za karne ya kumi na sita tu, mpaka siku moja mzee kutoka Murang'a akasimama pale kimya muda mrefu halafu akaniuliza kambi ilikuwa upande gani. Nilitamani ardhi inimeze. Kwa hivyo na sisi wa huku tuna yetu tuliyoyafukia.

Na hapa niwageukie wa kwetu. Mamangu ni Mbajuni, khalati yangu mmoja, ndugu yake mama, yuko Lamu, ukimpigia simu tarehe 20 kumtakia sikukuu njema anakuuliza, "Sikukuu gani, Idi imeshapita." Anasema hizo ni za wabara. Namwelewa, miaka na miaka kinachotolewa Pwani siku hizo ni ngoma. Tunaitwa tucheze dakika nne kabla ya hotuba, halafu tunakaa juani na vikuba vyetu. Nimeona kwa macho yangu kifudu, ngoma ya matanga, ile ile iliyowakusanya watu wakala kiapo, inachezwa wageni waalikwa wakitafuna sambusa, na mshereheshaji anasema "makofi kwa mabinti zetu warembo". Ndio hivo heshima tunayopewa: kiunoni inapita, kichwani haifiki. Lakini khalati nawe, bembelezi ya Mpokomo ni ya wabara? Manda ni ya wabara?

Serikali nayo ilijaribu. 10 Oktoba ilikuwa Moi Day, katiba mpya ikaitoa, mahakama 2017 ikairudisha, 2021 tukaiadhimisha kama Utamaduni Day, na 2024 ikawa Mazingira Day. Utamaduni wetu haukumaliza hata darasa la nne, tukapewa miche. Sina neno na miche.

Kitu kilichonigusa kuliko hizo zote hakikuwa na bendi. Wapemba wametua fukwe hizi vizazi na vizazi, samaki wengi mnaokula hapa ni wao wamewavua, na hawakuwa na kipande, yaani kitambulisho cha taifa. Mwaka 2023 ndio rais akawatambua rasmi kwenye gazeti la serikali kuwa jamii ya Kenya, kama Wamakonde walivyotambuliwa baada ya kutembea kwa miguu kutoka Kwale kuelekea Nairobi 2016. Jirani yangu mvuvi alipopata chake alikuja nacho nyumbani kimefungwa kwenye nailoni ya chumvi, akanipa nisome jina. Nikasoma. Akasema soma tena. Babake alisoma shule ya msingi hapa hapa, aliimba wimbo wa taifa gwaride kila Jumatatu na Ijumaa, amekufa bila kipande.

Hii ya jirani nilimsimulia mwalimu tukirudi kwenye basi. Alinyamaza, halafu akauliza halua nzuri inauzwa wapi. Nikamwonyesha duka, sikumnunulia.

Basi tarehe 20 niko chini ya sanamu toka saa mbili asubuhi kabla jua halijakuwa kali, bei ya wakaazi ni ileile, wanafunzi nusu. Tutaanza na Wanje. Anayetaka kofi atalipa mara mbili.