Kusomea Saikolojia Katika Jiji Kubwa: Maswali ya Kuuliza Kabla ya Kuchagua Chuo

Msimu wa udahili unapokaribia, wanafunzi wanaotaka kusomea shahada ya kwanza ya saikolojia huniuliza ni chuo kipi cha jiji kubwa kilicho bora. Kwa kuwa mimi ni mwanasaikolojia wa kliniki na ninasimamia mafunzo kwa vitendo ya wanafunzi wa ngazi hiyo, huwajibu kwa swali jingine: katika yote yaliyomo jijini humo, ni yapi ambayo chuo chenyewe kimekwisha kuwaandalia wanafunzi wake? Jiji laweza kuwa na hospitali nyingi za afya ya akili, na chuo kilichomo kisiwe na makubaliano na hata moja.

Saikolojia ina sababu nzuri ya kuipenda miji mikubwa. Maabara ya saikolojia aliyoifungua Mjerumani Wilhelm Wundt mjini Leipzig mwaka 1879 ilihitaji vyombo na wanafunzi tu, lakini saikolojia inayoshughulikia matatizo ya watu ilihitaji kuwa karibu na watu hao. Lightner Witmer alipoanzisha kliniki ya kisaikolojia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania, jijini Philadelphia, mwaka 1896, alianza na watoto waliokuwa wakipata shida katika masomo yao. David Wechsler alitengeneza kipimo chake cha akili kwa watu wazima, kilichotoka mwaka 1939, akiwa kazini katika Hospitali ya Bellevue, New York. Katika jiji hilohilo, mwaka 1946, Mamie Clark na mumewe Kenneth walifungua kituo cha kuwahudumia watoto wa Harlem. Kazi hizo zote zilitegemea mlango uliokuwa wazi kati ya mtaalamu na wadi, darasa au mtaa.

Kwa hiyo, uliza kwanza kuhusu mafunzo kwa vitendo, tena uliza kwa undani. Ni vituo gani vinavyopokea wanafunzi wa shahada ya kwanza, kwa saa ngapi kwa wiki, na nani huko anayewasimamia? Je, nafasi hizo zinapangwa na chuo, au kila mwanafunzi huzunguka na barua ya utambulisho akijitafutia mwenyewe? Jijini swali hili la mwisho lina uzito wa pekee, kwa sababu vyuo ni vingi na vyote hugonga hodi katika hospitali zilezile, ambazo nazo huwapa kipaumbele wanafunzi wa uzamili na uzamivu. Idara iliyojipanga hukutajia vituo kwa majina bila kusitasita; idara isiyojipanga hukueleza kwamba fursa ni nyingi.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza hatibu wagonjwa, na chuo kinachomwahidi hivyo kinastahili kutiliwa shaka. Anachopaswa kupata ni jicho la msimamizi. Chukua jambo dogo kama kusoma mfululizo wa tarakimu katika kipimo cha kumbukumbu. Kanuni ni kutamka tarakimu moja kila sekunde, kwa mwendo usiobadilika. Wanafunzi wengi huanza kwa kuzisoma kama watu wasomavyo namba ya simu, tatutatu, na kwa kuzigawa hivyo humrahisishia anayepimwa kazi ya kuzikumbuka, hata alama zake zikapanda pasipo yeye kustahili. Kosa hilo mwanafunzi mwenyewe halisikii. Hulisikia msimamizi aliyeketi kando. Ndiyo maana ningechagua kituo kimoja chenye msimamizi makini kuliko vituo vitano ambavyo mwanafunzi huachiwa kupanga mafaili.

Upande wa utafiti, vipeperushi hupenda kusifu mchanganyiko wa watu wa jiji. Hapa nina tahadhari. Mauaji ya Kitty Genovese jijini New York mwaka 1964, ambayo iliripotiwa kwamba majirani waliyashuhudia bila kusaidia, yaliwasukuma wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané kuchunguza kwa nini watu wengi wanaposhuhudia dharura hukawia kusaidia. Jaribio lao mashuhuri, lililochapishwa mwaka 1968, lilitumia wanafunzi wa Chuo Kikuu cha New York, kila mmoja chumbani peke yake, akiamini kwamba anazungumza na wenzake kupitia kipaza sauti. Jiji la mamilioni ya watu lilizaa swali, lakini waliolijibu walikuwa wanafunzi. Mwaka 2010 Joseph Henrich na wenzake wawili walionya kwamba saikolojia imejengwa mno juu ya washiriki wa namna hiyo, na tabia hiyo haijaisha. Basi uliza maabara za chuo huwapata wapi washiriki wao, na kama mwanafunzi wa mwaka wa pili anaweza kuomba nafasi humo. Uliza pia kama tasnifu hudai kukusanya data mpya, maana kibali cha kamati ya maadili huchukua muda, hasa utafiti unapowahusu watoto au wagonjwa.

Kuhusu ithibati, yaani uthibitisho rasmi kwamba kozi imefikia viwango, nitasema kwa ufupi, ingawa wengi huteleza hapa. Nchini Uingereza, Chama cha Saikolojia cha nchi hiyo hutoa ithibati kwa shahada za kwanza, na kuikosa huzuia baadhi ya njia za kuendelea. Nchini Marekani, Chama cha Saikolojia cha huko hakitoi ithibati kwa shahada ya kwanza kabisa, kwa hiyo kutoiona si kasoro ya chuo. Angalia utaratibu wa nchi unayokusudia kufanyia kazi.

Linabaki suala la umbali. Wanafunzi wa jijini huishi mbali na wengi hufanya kazi za muda, na kituo cha mafunzo kikiwa upande wa pili wa jiji, safari humeza nusu ya siku. Linganisha ratiba ya vipindi na saa za kituo kabla ya kukubali nafasi. Ukigundua kwamba chuo cha mji mdogo, kilicho jirani na hospitali kubwa ya afya ya akili, kimeyajibu maswali haya vizuri zaidi, mimi ningekushauri uende huko, na jiji ulifuate baadaye kwa shahada ya uzamili.