Tovuti risponsivu na tovuti ya simu ni vitu viwili

Hapa Mwanza siku hizi ni nadra kukuta makubaliano ya kutengeneza tovuti yasiyo na neno "risponsivu". Mwenye gesti Kirumba analitaka, shule binafsi ya Nyegezi inalitaka, mfanyabiashara wa dagaa anayepeleka mzigo Kongo naye kaambiwa asipokee kazi isiyo nalo. Ni jambo jema. Ila ukiwauliza wanamaanisha nini, jibu ni lilelile: inafunguka kwenye simu. Sasa jibu hilo nalisikia hadi kwa mafundi wenzangu wakiwaeleza wateja, na hapo ndipo linaponiuma.

Tovuti ni risponsivu pale ambapo ukurasa mmoja, wenye anwani moja na maudhui yaleyale, hujipanga upya kulingana na upana wa nafasi uliopewa. Maana imeishia hapo. Simu haikutajwa, kwa sababu simu ni sehemu mojawapo tu ambapo nafasi huwa finyu.

Kufunguka kwenye simu kulikuwepo kabla ya jina hili. iPhone ya kwanza ilipotoka mwaka 2007, tovuti karibu zote zilikuwa zimepangwa kwa ajili ya kompyuta. Apple wakatafuta njia: kivinjari cha Safari kikajifanya kina upana wa pikseli 980 (pikseli ni zile nukta zinazopimia upana wa kioo), kikaupanga ukurasa wote humo, halafu kikaubana utoshe kwenye kioo chenye upana wa 320. Vivinjari vingine vya simu vikafuata mtindo huo. Ndiyo maana hata leo ukiingia kwenye tovuti ukakuta maandishi hayasomeki mpaka uvute kwa vidole viwili, ujue fundi hakuandika ule mstari mmoja wa viewport, unaokiagiza kivinjari kitumie upana wake halisi. Tovuti hiyo nayo imefunguka kwenye simu! Kama kufunguka kungetosha, ukurasa wa HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, ulioandikwa mwaka 1998 ungestahili jina hilo.

Kisha kuna tovuti ya simu yenyewe, na hii ilikuwa kitu halisi. Kivinjari kikiomba ukurasa hujitambulisha kwa jina. Seva, yaani kompyuta inayotunza tovuti, ikalisoma jina, ikaamua kwamba huyu ni wa simu, ikamhamishia kwenye anwani nyingine iliyoanza kwa herufi m. Zilikuwa tovuti mbili zinazotunzwa sambamba. Bei ikibadilishwa kwenye moja, ya pili inabaki na bei ya mwaka jana. Ukimtumia rafiki kiungo kutoka kwenye simu yako, yeye aliyekaa mbele ya kompyuta anaona safu nyembamba katikati ya kioo kikubwa. Na kila aina mpya ya simu ilipotoka, orodha ya majina ilibidi iongezwe.

Kuchoshwa na orodha hizo ndiko kulikozaa jina. Mei 2010, Ethan Marcotte, msanifu wa kurasa kutoka Marekani, aliandika makala katika jarida la mtandaoni la A List Apart akapendekeza njia nyingine, na jina akaliazima kwa wasanifu majengo, waliokuwa wakizungumzia kuta na vyumba vinavyobadilika kufuatana na watu waliomo. Alitaja vitu vitatu: gridi inayopimwa kwa asilimia badala ya pikseli, picha zisizozidi upana wa chombo kilichozibeba, yaani kisanduku cha ndani ya ukurasa, na midia kweri, yaani maagizo ya CSS, lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, yanayosema nafasi ikifikia upana fulani mpangilio ubadilike. Vitazame tena vyote vitatu. Hakuna kinachouliza umeshika kifaa gani. Kusema risponsivu ni "ya simu" ni kurudisha ndani ya neno kitu kilekile ambacho neno lilikuja kukiondoa.

Hata mafundi wenye uzoefu huteleza hapa. Wanaweka midia kweri tatu, 320, 768 na 1024, vipimo vilivyotokana na iPhone na iPad za mwanzo, halafu ndani ya kila kipimo wanaugandisha ukurasa kwa pikseli. Hizo ni suti tatu zilizoshonwa tayari, ilhali risponsivu ni khanga: mwembamba atajifunga, mnene atajifunga. Simu nyingi za Android zinazouzwa madukani hapa mjini huhesabu upana wa 360 au karibu na hapo, na mwenye laptopu akigawa dirisha nusu kwa nusu anapata upana ambao hakuna aliyeushonea suti. Tangu mwaka 2023 vivinjari vyote vikubwa vinakubali hata kipande cha ukurasa kipime upana wa chombo chake chenyewe, bila kujali kioo kina ukubwa gani.

Kuhusu picha, neno hili linabebeshwa ahadi ambayo halikuitoa. Picha ya pikseli 4000 kutoka kwenye kamera ukiiwekea kikomo cha asilimia 100 itakaa vizuri kwenye simu, lakini itakuwa imepakuliwa yote. Simu yenye upana wa 360 na msongamano wa mara mbili, yaani nukta mbili halisi kwa kila pikseli ya upana huo, inahitaji pikseli 720 tu kwa upana. Mgeni aliye Nansio anayetafuta chumba Mwanza amelipia nukta zaidi ya mara thelathini ya zile alizoziona, na bando ni lake. Dawa ipo, ni srcset, ambayo humpa kivinjari matoleo kadhaa ya picha moja achague linalomtosha. Vivinjari vilianza kuikubali karibu na mwaka 2014. Lakini wepesi ni kazi ya pekee. Tovuti inaweza kuwa risponsivu kabisa na bado ikawa nzito.

Zana nazo zinachangia upotoshaji. Ukibonyeza F12 kwenye Chrome, kisha alama ya simu na tableti, unapewa orodha ya majina ya simu, na fundi kijana anaanza kufikiri kwa majina: iPhone imekubali, Samsung imekubali, kazi imekwisha. Juu ya orodha hiyohiyo pameandikwa "Responsive". Chagua hapo, shika ukingo wa ukurasa, uuvute taratibu kutoka mpana hadi mwembamba. Ukiona safu zinasogeleana, zinapungua, zinapangana chini bila kitu kukatika wala kuchomoza pembeni popote njiani, mwambie mteja wako ni risponsivu. Ikitulia, ikaruka, ikatulia tena mara tatu, mwambie ina mipangilio mitatu. Na kama kwenye simu inahamia anwani nyingine, hiyo ndiyo tovuti ya simu, na mteja ana haki ya kujua kwamba ana tovuti mbili za kutunza.