Kilomita chache si uzima wa gari

Barazani kwetu Mwembetanga, Unguja, simu ilizunguka na picha ya Ferrari F355 iliyotumika. "Kilomita elfu kumi na nane tu! Mpya hiyo, wallahi." Sivyo.

F355 iliacha kutengenezwa 1999, na mkanda wake wa taimingi, ule unaozifungua na kuzifunga vali za injini kwa wakati wake, ni wa mpira. Mpira huchoka kwa miaka hata gari ikilala gereji, hivyo mkanda hubadilishwa kila baada ya miaka michache, itembee isitembee. Kuufikia ni lazima injini nzima ishushwe. Ukikatika, vali na pistoni hugongana. Hapo ndipo gari uliyoiona rahisi inapokutokea puani.

Kwa hiyo kwenye kitabu cha sevisi usihesabu mihuri, soma tarehe. Muhuri wa 2009, kisha kimya hadi 2021? Mkanda ulikuwa ukizeeka muda wote huo. Na muhuri hata mimi naweza kuchongesha Darajani; taka risiti zenye namba ya chasisi, uilinganishe na iliyogongwa kwenye bodi.

Waranti ya kiwandani, nayo, huanza siku gari ilipouzwa mara ya kwanza, si siku unayoipokea wewe bandarini Malindi.