“Domeni nimenunua Marekani, VAT ya Tanzania inatoka wapi?”

Swali hili haliishi. Anayeuliza kanunua domeni, yaani jina la tovuti, na ana risiti mkononi: dola 15, chini yake 2.70, jumla 17.70, na ameshaamua kwamba kaibiwa. Hajaibiwa. Hiyo 2.70 ni asilimia 18 ya 15, na imekatwa kwa sababu mnunuzi yupo Tanzania.

VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya huduma za mtandaoni haifuati seva ilipo wala ofisi ya msajili, yaani kampuni iliyokuuzia domeni, na haijali kama jina linaishia .com au .co.tz. Inamfuata mnunuzi. Domeni ileile, msajili yuleyule, lakini kiwango cha mtu wa Nairobi ni 16, cha Berlin 19, cha London 20. Marekani yenyewe haina VAT. Ina kodi za mauzo za majimbo, kila jimbo na sheria zake, na mteja wa Sinza hazimhusu.

Kwa Tanzania Bara, utaratibu wa muuzaji wa nje asiye na ofisi hapa kujisajili TRA na kukusanya VAT kwa wanunuzi wasiosajiliwa ulianza Julai 2022. Kabla ya hapo wengi hawakukata, ndiyo maana aliyenunua mwaka 2019 atakuapia kwamba domeni hazina kodi.

Msajili anajuaje ulipo? Anaangalia anwani ya malipo, nchi ya benki iliyotoa kadi, anwani ya IP na namba ya simu inayoanza na +255. Hapa ndipo ujanja wa baadhi ya mafundi wa tovuti unapoharibu kazi. Fundi anajaza anwani ya jimbo fulani la Marekani “ili kodi isikatwe”, kisha anakukabidhi akaunti. Matokeo yake ankara inatoka kwa jina na anwani isiyo yako, mhasibu hawezi kuitumia, na huenda ukakatwa kodi ya jimbo hilo. Baya zaidi, taarifa za mmiliki wa domeni zinatakiwa ziwe za kweli. Msajili akiuliza, usipojibu ndani ya siku 15 ana haki ya kuisimamisha. Tovuti na barua pepe za ofisi zinazima kwa kuogopa dola 2.70!

“Lakini mimi nina TIN.” TIN, namba ya mlipakodi, anayo hata mwenye kibanda. Kinachohitajika ili msajili asikukate VAT ni VRN, ile inayoanza na 40 na kuishia na herufi, ambayo hupewa aliyesajiliwa VAT. Kizingiti cha kawaida ni mauzo ya shilingi milioni 200 kwa mwaka. Ukijaza TIN kwenye nafasi ya namba ya VAT, mfumo utaikataa, au utaipokea kisha shida ije baadaye. Mwenye VRN aingie sehemu ya malipo ya akaunti yake, aweke nchi Tanzania, jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti, kisha VRN. Afanye hivyo kabla ya kulipa, maana wasajili wengi hawarekebishi ankara iliyokwisha kutoka. Usisubiri siku ya malipo ya kujirudia. Angalia mwezi mmoja kabla. Msajili asipokata, kodi haijafutika: hesabu inahamia kwenye ritani yako ya mwezi, inayopelekwa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Mhasibu ataanza kwa kuangalia kama una mauzo yaliyosamehewa VAT, kwa sababu hayo ndiyo yanayobadili hesabu.

Ile asilimia 2 ya huduma za kidijitali unayoisikia si yako kulipa. Ni kodi ya mapato ya muuzaji wa nje.

Na wapo wanaoiona 0.18 kwenye ankara za zamani za .com wakadhani ndiyo VAT ya 18. Hiyo ilikuwa ada ya ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeni duniani, senti 18 za dola kwa kila mwaka wa usajili, na tangu Julai 2025 ni senti 20. Domeni za .tz hazina ada hiyo.

Zanzibar ina sheria yake ya VAT na mamlaka yake, ZRA. Mwenye ofisi Mlandege asinakili mipangilio ya jamaa yake wa Kariakoo.

Mawakala mnaonunua nje na kuuza hapa, “kodi ilishalipwa huko” si hoja. Mauzo yako kwa mteja wa Dar ni mauzo mapya: ukiwa na VRN unatoza VAT juu ya bei yako yote, si juu ya faida tu, na risiti ya EFD unatoa.